Kofia ya Nyumba ya Nukada

Kofia ile ya chuma ilitulia kichwani mwangu bila kutikisika hata kidogo, na mimi, mwalimu wa vitabu, niliamini nilipoambiwa kwamba inanipwaya. Hilo ndilo nililoshindwa kuliona. Ushahidi ulikuwa juu ya kichwa changu mwenyewe, nikauacha, nikafuata maneno.

“Inakupwaya,” alisema Chise. “Ivue.”

“Mbona mimi naisikia—”

“Ivue, Mwalimu. Baba akikukuta nayo atakikata kichwa chako na kukitundika pamoja nayo.”

Niliivua. Ulikuwa msimu wa joto, siku zile ambazo nyumba za samurai katika mji wetu wa ngome hufungua masanduku na kuanika vitu vya kale visiliwe na ukungu. Nyumba ya Nukada ilikuwa na kazi kubwa kuliko nyumba nyingine zote, kwa kuwa ndiyo iliyotunza deraya, mavazi ya chuma ya vita, za bwana wetu wa ngome. Deraya zile hazikuwa zimeonja vita tangu enzi za babu wa babu zetu. Hata hivyo kila mwaka zilitolewa ghalani, zikafutwa, zikaketishwa barazani kwa safu kama wageni wanaosubiri kukaribishwa chai.

Kofia aliyonivisha Chise haikuwa mali ya ngome. Ilikuwa ya ukoo wao. Aliyeruhusiwa kuivaa ni mkuu wa nyumba, au yule atakayemrithi. Alinivisha kwa mzaha, akanitazama kwa muda, mzaha ukamtoka usoni, ndipo aliposema inanipwaya.

Nilirudi kuanika vitabu vyao, maana ndivyo nilivyoitiwa. Sijafungua vingi, sauti nzito iliyokwaruza kama msumeno ikatoka nyuma ya zile deraya.

“Wewe Rinzo! Unaanika vitabu au unavisoma?”

Nilianguka kifudifudi. Mzee Nukada Heinai, baba yake Chise, alikuwa na maradhi ya koo yaliyomwachia sauti hiyo, na ukali wake ulijulikana mji mzima.

“Samahani, mzee! Nilikuwa nafuta ukurasa!”

“Ukurasa mmoja tangu asubuhi?”

“Ni... ni mrefu, mzee.”

Deraya nyeusi ikaanza kucheka. Nyuma yake akachomoza Chise, machozi ya kicheko yakimtiririka.

“Umeisujudia deraya! Subiri nimwambie baba.”

“Ukimwambia sitakuja tena.”

“Utakuja.”

“Umejuaje?”

Aliinama akaanza kuifuta ile kofia, ingawa ilikuwa imekwisha kufutwa.

“Vitabu bado vingi,” alisema.

Nikadhani kwamba alimaanisha vitabu.

*

Nilikuwa mtoto wa pili. Kaka yangu alirithi nyumba, jina na posho ya mchele. Mimi nilirithi chumba cha nyuma. Watu kama mimi huitwa “wala wali baridi”, kwa sababu sufuria ikifika kwetu huwa imekwisha kupoa. Mtu wa namna hiyo haoi, isipokuwa apate nyumba isiyo na mtoto wa kiume, imchukue awe mwana na mkwe kwa pamoja, naye aache jina lake mlangoni avae la kwao.

“Mla wali baridi amerudi,” alisema shemeji yangu jioni ile, akinisogezea bakuli na vipande vya figili. “Leo umeanika nini?”

“Vitabu.”

“Na Chise?”

“Alikuwepo.”

“Alikuwepo! Shemeji, hata nguzo ya baraza ilikuwepo. Nakuuliza hivi: mzee Heinai hana mtoto wa kiume. Atahitaji mkwe wa kumrithi. Umewahi kumuuliza?”

“Sijaulizwa.”

“Sikusema uulizwe. Nimesema uulize.”

“Mtu haendi kuomba nyumba ya mwenzake kama anaomba kaa la moto.”

“Haya. Ibe Gondayu hana haya kama wewe. Anamsukuma kijana wake Jutaro kila siku.”

Gondayu alikuwa mdogo wake mzee Heinai, aliyechukuliwa zamani na nyumba ya Ibe. Jutaro, mwanawe, alijulikana kwa mambo mawili: kulewa, na kuuza bapa la upanga wake ili alewe tena. Ndani ya ala aliyoitembeza kiunoni kulikuwa na kipande cha mwanzi. Mji mzima ulijua, ila hakuna aliyemwambia.

“Mzee Heinai hawezi kumchagua yule,” nilisema.

“Basi amchague nani, kama wenye akili wamekaa wanasubiri kuulizwa?”

Nilikula wali wangu. Ulikuwa baridi.

*

Theluji ilipofunika mapaa, mzee Kusaka aliniita. Kusaka alikuwa mkaguzi wa ngome, na alikuwa kiziwi. Kila alipokwenda kazini alinichukua mimi niwe sikio lake: nisikilize kinachosemwa, nikirudie kwa sauti kubwa karibu na uso wake.

“Heinai ameanguka!” alipaza sauti tukiwa njiani, kama wafanyavyo viziwi. “Wanataka amtaje mrithi kitandani!”

“Ana hali gani?” nilipiga kelele.

“Eh?”

“Nasema, ana hali gani!”

“Hali ya mtu anayehitaji mrithi haraka!”

Sheria yetu ilikuwa kali. Mkuu wa nyumba akifa bila mrithi, nyumba hufutwa: posho hukoma, makazi hurudishwa ngomeni, wanawake huhesabiwa kama vyombo na kugawiwa jamaa. Ila ikiwa ni mtu ambaye hajafika hamsini, na ugonjwa umemkamata ghafla, anaruhusiwa kumtaja mrithi angali kitandani, mradi mkaguzi ashuhudie kwamba yu hai na anasema mwenyewe. Na kila mtu alijua, bila yeyote kusema, kwamba mara nyingi mkaguzi hufika akamkuta mgonjwa amepoa tangu juzi. Ndiyo maana kitanda huzungushiwa kiwambo. Ndiyo maana nyuma ya kiwambo huwa kuna mtu wa kukohoa.

Tulikaribishwa na Gondayu mwenyewe. Jutaro alikaa kando yake amevaa nguo za sherehe, nywele zimepakwa mafuta. Mbele yetu kilisimama kiwambo chenye picha ya korongo.

Nilijiona makini sana. Niliona kwamba jiko la mkaa halikuwashwa, wakati nje theluji ilifika magotini. Niliona udi umechomwa mwingi kuliko haja. Nikaelewa: mzee Heinai amekwisha kufariki. Nikainamisha kichwa, nikamwombolezea kimyakimya, nikajiandaa kurudia uongo wa mtu mwingine kwa sauti kubwa.

“Binti yake yuko wapi?” aliuliza Kusaka.

“Jikoni,” alijibu Gondayu. “Analia. Wanawake, bwana mkaguzi, unawajua.”

“Anasemaje?” Kusaka alinigeukia.

“Anasema binti yuko jikoni, analia!”

“Aa. Maskini. Tuendelee.” Akakigeukia kiwambo. “Nukada Heinai! Unaumwa?”

Kisha ikaja ile sauti, nzito, ya kukwaruza.

“Naumwa.”

Ilikuwa sauti yake hasa.

“Anasema anaumwa!” nilirudia.

“Akili yako ni timamu?”

“Kuliko za waliokaa hapo nje.”

Gondayu alishtuka. Jutaro alimtazama baba yake. Nami nikahisi kitu kikinigusa mgongoni, kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

“Anasemaje?”

“Anasema... anasema ni timamu, mzee!”

“Vizuri. Basi mtaje atakayekuwa mwana wako, mume wa binti yako, na mkuu wa nyumba hii baada yako.”

Gondayu alijiweka sawa kwenye mkeka. Jutaro alijipangusa mdomo.

“Rinzo,” ilisema sauti. “Mwana wa pili wa nyumba ya Segawa.”

Segawa ni jina la baba yangu. Rinzo ni mimi.

“Anasemaje?” aliuliza Kusaka.

Sasa nilijua ni nani aliyekuwa nyuma ya korongo wale. Nilikwisha kuisujudia sauti hiyo siku ya jua kali, mbele ya deraya tupu. Gondayu alikuwa amemketisha Chise pale kwa sababu ni yeye peke yake aliyeweza kumwiga baba yake, na kwa sababu hakufikiri kwamba binti huyo angekuwa na jina alilolichagua mwenyewe la kusema.

“Rinzo! Nimekuuliza, mgonjwa anasemaje?”

“Anasema...” Niliinamisha uso. “Anamtaja... Segawa Rinzo.”

“Eh? Nani? Acha kunong'ona kama bibi harusi!”

“Segawa Rinzo!” nilipiga kelele, nikitangaza jina langu kwenye chumba cha maiti.

“Hapana!” Gondayu aliruka. “Bwana mkaguzi, huyo siyo—”

Kusaka alisubiri kwa upole mkubwa, mkono nyuma ya sikio.

“Anasema siyo nani?” aliniuliza.

“Hajamaliza, mzee.”

“Siyo... siyo mawazo ya kaka yangu,” Gondayu alisema, jasho likimtoka kwenye chumba kile cha barafu. “Homa imempanda. Juzi alimtaja Jutaro kwa kinywa chake.”

“Anasema homa imempanda mgonjwa!”

“Aa! Basi jambo jepesi. Tuondoe kiwambo, tumuulize uso kwa uso.”

“La! La, bwana mkaguzi! Ugonjwa... unaambukiza.”

“Baba!” Jutaro aliinuka, mkono kwenye upanga. “Unamwachia nyumba huyu msoma karatasi? Nitamfundisha adabu sasa hivi!”

“Kaa chini,” alisema Gondayu akiwa ameuma meno.

“Nachomoa!”

“Ukichomoa tutachekwa hadi kwa wajukuu. Kaa chini!”

Jutaro alikaa. Mwanzi ulibaki alani.

Kusaka alinigeukia mimi. Uso wake haukuonyesha chochote.

“Na wewe uliyetajwa. Unakubali?”

Neno moja lilitosha. Lakini mimi ndiye niliyefundisha watoto wa ngome kila asubuhi kwamba samurai hasemi asichokiamini, na sikuamini. Binti aliyekaa na mwili wa baba yake ili kumkimbia Jutaro angeweza kulitaja jina lolote lililokuwa karibu. Mimi nilikuwa karibu. Nilikaribia kiwambo, nikainama.

“Mzee Heinai,” nilisema. “Naomba kuuliza. Mji huu una wanaume wengi. Je, nimetajwa kwa sababu tu nilikuwa jirani na mlango?”

Nilisikia pumzi ikivutwa kwa shida, na haikuwa pumzi ya kuigiza.

“Ile kofia,” ilisema sauti. Ilikwaruza, kisha ikakatika katikati, ikaendelea. “Ulipoivaa. Uliambiwa inakupwaya.”

“Ndiyo.”

“Ulidanganywa. Ilikuenea.”

Nilibaki nimeinama. Nyuma yangu Gondayu alimnong'oneza mwanawe, “Kofia gani?” Jutaro hakujua.

“Anasemaje?” aliuliza Kusaka, taratibu safari hii.

“Anasema nimejibiwa, mzee,” nilisema. “Nakubali.”

*

Tulirudi katika theluji. Nilipofika kwenye kona ya ukuta wa ngome nilijiambia kwa sauti ya chini kuliko pumzi:

“Nimefanya nini mimi?”

“Umelitangaza jina lako kwa watu wasiotaka kulisikia,” alijibu mzee Kusaka. “Ndicho ulichofanya.”

Nilisimama.

“Mzee! Unasikia?”

“Eh?”

“Mzee Kusaka, umenisikia sasa hivi.”

Alikung'uta theluji kwenye mwavuli wake.

“Nilipopewa kazi hii nilikuwa na masikio ya paka,” alisema. “Nilisikia kila kikohozi cha uongo. Nikafuta nyumba. Kisha siku moja, mlangoni pa hekalu, mwanamke wa nyumba mojawapo niliyoifuta akanyoosha bakuli kwangu aombe uji. Hakunijua. Nikajaza bakuli, nikaenda nyumbani, nikawa kiziwi.”

“Na ukweli, mzee?”

“Ukweli ni kwamba Heinai amekufa. Leo jioni watatangaza, na wote tutaenda kulia. Kuna mtu aliyeongezewa uhai kwa uongo ule? Hakuna. Kuna mtu angeongezewa kifo kwa ukweli? Hilo kafundishe shuleni kwako, kama una kitabu chake.”

“Sina.”

“Basi tembea, miguu inaganda.”

*

Sikwenda kwao mpaka mazishi yalipokwisha. Nilijiambia ni heshima. Shemeji aliliita jambo hilo kwa jina lake halisi.

“Unaogopa.”

“Natafakari.”

“Mwenzako amemzika baba yake yuko peke yake na deraya, wewe unatafakari. Nenda, au nitakubeba mgongoni.”

Nilimkuta ghalani. Alivaa nguo nyeupe za msiba, na alikuwa anaifuta deraya nyeusi, ile niliyoisujudia. Hakunitazama.

“Umekuja kukataa,” alisema.

“Umejuaje?”

“Mtu wa kukubali hakawii namna hii.”

Niliketi kwenye kizingiti. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, kama ninavyopanga somo.

“Chise, sitaki nyumba hii kwa njia ya mlango wa nyuma. Baba yako alikuwa mtu mnyoofu. Nikikalia mkeka wake kwa neno ambalo hakulisema, kila asubuhi nitamwona amekaa mbele yangu. Nataka unieleze jambo moja. Aliwahi kunitaja? Hata kwa mbali?”

Mkono wake ulisimama juu ya chuma.

Angeweza kusema ndiyo. Nilikuwa tayari kuamini, nami nadhani aliliona hilo usoni mwangu.

“Hapana,” alisema. “Hakuwahi. Alisema tu una mwandiko mzuri na kwamba unakula taratibu.”

“Basi huoni?”

“Naona. Naona unasikitika kwamba hukuchaguliwa na baba. Umechaguliwa na mimi, na unaona kama umepewa makombo.”

“Sijasema hivyo.”

“Umesema kwa maneno marefu zaidi.”

Alikiweka kitambaa chini, akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi.

“Unajua asubuhi ile ilikuwaje? Nilimfunga taya kwa mikono hii. Nikataka kulia. Baba mdogo akaingia, akaniambia, usilie, utaharibu koo, tunaihitaji sauti. Akanikalisha kando ya baba kama ninavyokaa sasa. Nikasema ‘naumwa’ kwa sauti yake. Mwalimu, tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikimwiga. Nilimwiga mbele yake, akanikimbiza na ufagio. Siku ile nilipomwiga hakuna aliyenikimbiza. Ndipo nilipojua kwamba amekufa.”

Nilikiokota kitambaa alichokiweka chini, nikakikunja.

“Sijalia mpaka leo,” aliendelea. “Kila nikifungua mdomo naogopa itatoka sauti yake. Kisha wewe unakuja hapa unaniuliza baba alisema nini. Baba hakusema! Mimi ndiye niliyesema. Mbele ya mkaguzi, mbele ya baba mdogo, mbele ya maiti, nikasema jina la mtu ambaye kila msimu wa joto anakuja kuanika vitabu, anaondoka, na haulizi!”

“Uliniambia kofia inanipwaya.”

“Ulitaka niseme nini? ‘Imekuenea, nioe’? Ulikuwa na kichwa! Kichwa kilikuwa chako! Hukukisikia?”

“Nilikisikia.”

“Na?”

“Nikakuamini wewe.”

Alinitazama kana kwamba hajui acheke au anirushie kofia yenyewe.

“Basi sikiliza,” alisema kwa sauti ndogo. “Kama hunitaki, sema hunitaki. Nyumba itafutwa, nitakwenda kuosha vyombo kwa baba mdogo, nitaishi. Lakini usiniambie unakataa kwa ajili ya ukweli. Mimi nilijificha nyuma ya kiwambo kwa sababu nilifungiwa njia zote. Wewe umejificha nyuma ya chako kwa hiari yako.”

Nje, theluji iliporomoka kutoka kwenye paa kwa kishindo. Tulishtuka wote wawili.

Nilifikiri juu ya mzee Heinai, ambaye hakuwahi kunitaja. Alikuwa amekawia kumchagua mrithi, mwaka baada ya mwaka, akisema bado hajafika hamsini, na ukawiaji wake ndio uliomfungia binti yake nyuma ya korongo wa karatasi. Mimi nami nilikuwa nakawia. Nilikuwa nimeuita ukawiaji huo adabu, kisha nikauita heshima kwa msiba, na sasa nilitaka kuuita ukweli.

“Nakutaka,” nilisema. “Nilikutaka kabla ya kofia. Vitabu vyenu vilikwisha kukauka tangu siku ya kwanza. Nilikuwa navigeuza tu.”

“Nilijua,” alisema. “Nilikuwa navilowesha.”

“Unasema?”

“Viwili hivi. Pembeni. Kwa mvuke wa birika.”

Nilicheka, naye akafungua mdomo kucheka, na badala ya kicheko kikamtoka kilio. Kilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kike, haina mkwaruzo wowote. Alilia mpaka nguo nyeupe ikalowa kifuani. Nilikaa karibu naye na sikumwambia anyamaze.

*

Siku za msiba zilipotimia na theluji kugeuka matope, tulioana. Kwa kawaida bibi harusi ndiye anayehama, lakini kwetu mimi ndiye niliyebebeshwa kifurushi. Shemeji alinisindikiza hadi langoni.

“Leo utakula wali wa moto,” alisema, akageuka haraka nisimwone uso.

Gondayu alihudhuria, kwa kuwa kutohudhuria kungeulizwa sababu. Jutaro alikunywa kuliko maharusi. Mzee Kusaka alikaa kwenye pembe ya mbali kabisa, kiziwi kama jiwe. Tulipokuwa tunapokezana vikombe vya pombe ya mchele, Chise alininong'oneza bila kusogeza midomo:

“Miguu imekufa ganzi.”

“Vumilia, mwanangu, kimebaki kikombe kimoja,” alisema Kusaka kutoka pembeni.

Wageni wote waligeuka. Mzee akaweka mkono nyuma ya sikio.

“Eh? Kuna mtu amesema kitu?”

Msimu wa joto uliofuata tulizitoa tena deraya barazani. Chise alileta kofia ya ukoo, akanivisha mbele ya watumishi wote, akarudi hatua moja nyuma.

“Tikisa kichwa.”

Nilitikisa. Haikusogea.

“Inakupwaya?”

“Imenienea.”

“Umeambiwa na nani?”

“Na kichwa.”

Aliridhika, akaenda kuanika vitabu. Alivianika juani, wala hakuvigusa tena hadi jioni.

Chise hakuiga tena sauti ya baba yake, na mimi sikumwomba. Shuleni bado nafundisha kwamba samurai hasemi asichokiamini, ila wanafunzi wakubwa wakiuliza maswali magumu, nawapeleka kwa mzee Kusaka, ambaye hawasikii. Jina langu sasa ni Nukada Rinzo. Na nikiambiwa jambo ambalo kichwa changu kinalikataa, nauliza mara ya pili.